Hodi Tatu za Kaimu

Mimi ndiye niliyemfundisha Kaimu kupiga hodi. Nalisema hili mapema, asije mtu akaanza kumtafuta mkosaji kwenye mvua, au kwenye mkongo wa mawasiliano, au kwa mafundi wa Kondoa ambao hawakufanya lolote ila kuamini maandishi yangu.

Jumamosi ile ukungu ulishuka Kitulo tangu alfajiri. Ukungu wa kwetu haupiti njia. Unaingia, unakaa, unasubiri chai. Nilisimama kwenye dirisha la chumba cha seva nisione maua wala uzio, weupe mtupu, na ndani ya weupe huo kondoo mmoja akilia mahali nisipopajua. Nyuma yangu Mkuu, seva yetu kuu, alikuwa ananguruma taratibu kwenye makabati yake. Tulimweka huku juu kwa ajili ya baridi, maana kumbukumbu za watu laki mbili na elfu kumi zikikusanywa pamoja hutoa joto la kuchemsha maharage.

Watu hao ni wale ambao vichwa vyao vilishaanza kuwaponyoka. Kila mmoja ana kipini kidogo nyuma ya sikio. Akitaka kukumbuka jina la mjukuu wake, kipini kinaiuliza programu, programu inaiuliza kanzidata, na jina linarudi kabla hajafumbua mdomo. Akiishi jambo jipya, linaandikwa kwa njia hiyohiyo. Yeye haoni programu wala kanzidata. Anajiona tu mzima.

Mkuu akizimika, wote hao watasimama njiani wasijue walikuwa wanakwenda wapi. Ndiyo maana yupo Kaimu. Kaimu yuko Kondoa, amefanana na Mkuu kwa kila kitu, na kazi yake ni kunakili kila linaloandikwa Kitulo, kisha kungoja. Ni kama kaimu yeyote wa ofisini: anaijua kazi yote ya bosi, ila hakalii kiti mpaka bosi asiwepo.

Sasa atajuaje kwamba bosi hayupo? Hapo ndipo nilipojiona hodari. Niliandika kama nilivyolelewa. Kila baada ya sekunde tano Kaimu humpigia Mkuu hodi, na Mkuu hujibu karibu. Hodi ya kwanza isipojibiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu ikipita kimya, basi mwenye nyumba hayupo, Kaimu anakalia kiti. Anwani ile moja ambayo programu zote huiuliza inahamia mlangoni kwake, na watu hawatambui chochote.

Kwenye kikao, Salimu Isere, fundi mwenzangu wa Kondoa, alishauri tuweke mashine ndogo ya tatu Manyoni, yenye njia yake ya redio hadi Kitulo isiyopita kwenye mkongo, tuiite Jirani. Kaimu akikosa jibu amuulize kwanza Jirani kama naye hamwoni mwenyewe. "Maana dada Yusta," alisema, "mtu anaweza kuwa ndani kabisa, ila hodi haimfikii." Nikamjibu kwamba majirani kazi yao kuleta umbea. Kikao kizima kilicheka, mwenyekiti akafuta machozi, na Jirani akafutwa kwenye mpango kwa sababu ya mzaha wangu.

Saa mbili asubuhi Jumamosi hiyo kilima kiliteleza huko bondeni, kikaukata mkongo na kuondoka na barabara. Simu nazo zikanyamaza. Kule Kondoa Kaimu akapiga hodi tatu. Mkuu alikuwa ndani, mzima kama mimi, anawahudumia watu wa kusini. Hakusikia.

*

Jumatano puto la mizigo lilitokeza kwenye ukungu bila sauti, kubwa kama kanisa, likainamisha pua yake juu ya uwanja. Puto hilo halina rubani. Huleta alizeti kutoka Kondoa na kurudi na mbegu za viazi, na barabara ikifungwa ndilo peke yake linalopita. Mlango ukafunguka, na kati ya magunia akatoka baba yangu, Mwalimu Lameki Tweve, kofia ya sufu kichwani, akiangaza huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi mtamu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Alinitazama sana. "Mhandisi. Kumbe nilikuwa nakuja kwako."

"Hukujua unakuja kwangu?"

"Nilijua nakuja mahali." Akacheka kidogo, kicheko cha kuona aibu. "Nilikuwa na jambo la kukwambia. Nimelishika njia nzima. Nahisi limebaki huko juu." Akaonyesha ukungu kwa kidole.

Nilielewa papo hapo kilichotokea, na nakiri kwamba sikushtuka. Kipini hutafuta mlango ulio karibu. Upande wa kaskazini baba alikuwa akiandikwa kwa Kaimu; puto lilipovuka katikati ya nchi, kipini chake kikamshika Mkuu, na Mkuu alikuwa na habari zake za mpaka Jumamosi asubuhi tu. Kwa hiyo baba alishuka kwenye puto akiwa na Jumamosi kichwani. Siku nne zilizofuata zilikuwa Kondoa, salama, zinamngoja. Nikajiambia mkongo ukirudi tutalinganisha maandiko. Siku nne za mzee aliyekwenda kusalimia ukweni zina nini cha kumnyima mtu usingizi?

"Mama hajambo?" niliuliza.

"Mama yako? Nimemwacha Haubi anachambua kunde na dada yake. Wanaongea mpaka kunde zinaona haya." Akatabasamu. "Amesema harudi mpaka maboga yakomae."

Baba alipelekwa Kondoa akiwa mwalimu kijana, akaoa hukohuko, na kila mwaka wao wawili huenda Haubi, kijijini kwao mama, kwa mwezi mzima. Habari hiyo ilinitosha. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha karibu na jiko, nikaona mikono yake. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa chini ya kucha na kwenye mikunjo ya vidole.

"Wamekulimisha ukweni, mwalimu?"

Aliitazama mikono hiyo kwa mshangao. "Itakuwa wamenilimisha."

Tulicheka wote wawili. Nikachemsha maji, nikamwosha mikono kwenye beseni kidole kimoja kimoja, na maji yalipokuwa mekundu nikayamwaga nje kwenye majani.

*

Yapasa nieleze kwa nini aliniita Mhandisi.

Miaka sita nyuma, ugonjwa ulipoanza, baba alikuwa bado na asubuhi zake nzuri. Katika moja ya asubuhi hizo alinishika mkono akasema hataki kipini. Alisema atakwenda na kile kitakachobaki, kikiisha kiishe. Miezi miwili baadaye akamwita mama "dada" na kumwomba amwonyeshe njia ya kurudi kwao. Sikuvumilia. Nilitia saini kwa niaba yake, wakamtia kipini, na kumbukumbu zilipomrudia, cha kwanza alichokumbuka ni kwamba alikataa. Tangu siku hiyo hakuniita tena mwanangu. Alinisalimia, alikula chakula changu, aliuliza habari za kazi, lakini niliitwa Mhandisi. Iliniuma kila mara.

Alhamisi ukungu uliinuka kiasi cha kuonyesha maua. Tulitembea polepole kwenye nyasi zilizolowa, maua ya njano na ya zambarau yakitugusa magotini, na mbele yetu yalifunuka mengine kadiri tulivyokwenda, kama nchi inatengenezwa hatua kwa hatua kwa ajili yetu. Baba alikuwa mwepesi. Alinisimulia siku alipomwona mama mara ya kwanza, kwenye foleni ya maji, amejifunga kitenge cha njano, anamgombeza mwalimu mkuu aliyejipenyeza mbele.

"Alimgombeza mbele ya wanafunzi wake," alisema. "Nikajiambia, huyu nitamwoa au atanifukuza kijijini."

Kisha akasimama. Akagusa kipini nyuma ya sikio, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Nisingekuwa na kidude hiki, leo nisingemjua. Ningerudi Haubi nikamwita dada." Alivuta pumzi. "Nimekuwa na hasira miaka sita. Imenichosha. Nimekusamehe, mwanangu."

Nilimkumbatia palepale kwenye baridi, nikalia kwenye koti lake lenye harufu ya alizeti, naye akanipigapiga mgongoni kama nilipokuwa na miaka sita. Sijui kama nimewahi kufurahi kama siku ile.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi taa ya mkongo iligeuka kijani na simu ikalia saa ileile. Alikuwa Salimu.

"Dada Yusta. Pole sana. Poleni na msiba."

"Msiba gani, Salimu?"

Nilisikia feni za Kaimu zikivuma nyuma yake, mbali kabisa, huko Kondoa.

"Mwalimu hajafika?" aliuliza.

"Amefika tangu Jumatano."

"Na hajakwambia?" Sauti yake ilishuka. "Dada yangu. Mama alifariki Jumapili. Moyo. Tumemzika Jumatatu. Tulitaka kutuma barua kwenye puto, mwalimu akakataa. Alisema habari ya mama haipelekwi kwa mtoto na karatasi, ataileta mwenyewe. Tulimsindikiza mpaka mlangoni mwa puto. Kichwa chake kilikuwa safi kabisa."

Niliuliza mambo ya kijinga: nani alichimba, mvua ilinyesha au haikunyesha. Salimu alijibu yote. Akasema baba aliwashinda vijana. Alikataa kupokea koleo, akapiga magoti na kusukuma udongo kwa mikono.

Nilikaa sakafuni. Nilikuwa nimeuosha udongo wa kaburi la mama yangu kwenye beseni, nikiucheka. Nililia mpaka kifua kikauma, na Salimu hakukata simu.

Baadaye akasema kwa upole, "Dada, kuna jambo haliwezi kungoja." Nilishalijua. Tulikuwa na wawili kwenye kiti kimoja. Mpaka mmoja arudi kuwa kaimu, hakuna wa kumpokea mwenzake akianguka, na watu laki mbili wanategemea uzi mmoja. Karibu wote walikuwa rahisi: wa kusini waliandika kwa Mkuu, wa kaskazini kwa Kaimu, unawajumlisha tu. Barabara ilikuwa imefungwa. Aliyeandika pande zote mbili ni mtu mmoja.

"Kanuni inasema andiko la Mkuu ndilo linalosimama," Salimu alisema. "Lakini kanuni uliiandika wewe."

Laiti ingewezekana kuyachukua yote mawili! Kumbukumbu haziandikwi kama vitu vilivyopangwa rafuni, uongeze hiki na kile. Kila moja inaning'inia kwenye ile ya kabla yake. Tulijaribu kuunganisha mara moja tu, kwa mgonjwa wa majaribio aliyejitolea, na kwa wiki tatu mtu yule alikuwa akiamka katika nyumba mbili. Hatukurudia.

Kuna hili pia, na halijaniacha mpaka leo. Laiti Jirani angekuwepo Manyoni, angemwambia Kaimu atulie, mwenyewe yupo. Kaskazini yote ingekaa siku hizo bila kumbukumbu, na baba angesimama kwenye kaburi la mama akiuliza anazikwa nani. Mzaha wangu ndio uliompa mazishi yale, na mzaha uleule ukamnyang'anya njiani.

"Una mpaka saa sita," Salimu alisema. "Mimi sitagusa kitu mpaka uniambie."

Kusema kweli, niliwaza kunyamaza. Ningeiacha kanuni ifanye kazi yake. Baba angebaki na Haubi ya kunde na maboga, nami ningebaki kuitwa mwanangu. Ningemwambia habari ya mama polepole, siku nyingine, nikiwa nimejiandaa. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

*

Nilimkuta nyuma ya jengo, amekaa kwenye benchi, anamenya viazi vya mchana. Ukungu ulikuwa umerudi, umemzunguka mpaka mabegani.

"Baba, nina swali. Nikikuuliza nitakuwa nimeshakwambia."

Alinitazama macho yangu yalivyovimba. "Basi niambie kwanza, kisha uniulize."

Nikamwambia. Kisu kiliteleza kikaangukia kwenye maganda. Hakupiga kelele.

"Lini?"

"Jumapili."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, baba. Ulimzika."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama ndani na nje. Ilikuwa safi. "Sikumbuki," alisema, na uso wake ukafanya kitu ambacho sitaki kukieleza.

Nilimweleza yote: siku zake zilizoko Kondoa, siku zake zilizoko hapa, na kwamba zinaweza kubaki za upande mmoja tu. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi, kichwa upande.

"Jana nilikusamehe," alisema.

"Ndiyo."

"Hilo nalo linaondoka?"

"Linaondoka, baba."

"Na ukiniacha hivi nilivyo?"

"Utajua kwamba mama amekufa kwa sababu nimekwambia."

Alitikisa kichwa. "Nimekaa na yule mwanamke miaka arobaini na mmoja. Haiwezekani niwe mtu wa kuambiwa kwamba nilimzika. Nirudishe huko."

"Huyo utakayekuwa hatakuwa amenisamehe."

"Namjua huyo mzee. Mkaidi sana."

Karibu tucheke. Nikasema, "Nitamwambia kwamba alishanisamehe. Ataniamini."

"Usimwambie." Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Ukimwambia utakuwa umemwamulia tena, na ndicho kilichotugombanisha. Mwache afike mwenyewe. Asipofika, asifike."

"Baba, ningekuuliza hivi miaka ile sita iliyopita, ungesemaje?"

"Ningekataa," alisema. "Lakini ungekuwa umeniuliza."

Alivua kofia, akaiweka magotini, akaegemea ukuta.

"Fanya, mwanangu. Kabla sijaogopa."

*

Kazi yenyewe ni ndogo. Nilifunga andiko la baba upande wa Mkuu, Salimu akafungua la Kondoa, anwani ikarudi yote kwa Mkuu. Jumatano, Alhamisi na maua yake, na ile nusu ya Ijumaa, zikafutika zote. Kaimu akarudi kwenye nafasi yake ya kungoja, watu laki mbili wakapata tena wa kuwapokea, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kulikuwa na lolote. Sekunde tisa.

Nilirudi nje mbio. Baba alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu, na alionekana amezeeka tangu nilipomwacha. Aliangalia viazi, ukungu, kisha mimi.

"Mhandisi."

"Naam, baba."

"Nilikuwa kwenye puto." Alijishika kifua, akatafuta pale alipoliweka lile jambo, na safari hii lilikuwepo. "Nimekuja na habari mbaya."

"Nimezipata. Salimu amenipigia."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Kwa nini hukuja kumzika mama yako?"

"Barabara ilikatika, baba. Simu pia."

"Najua barabara ilikatika. Nakuuliza kwa nini hukuja."

Neno la jana lilikuwa pale mdomoni mwangu, limejaa, lingeweza kututuliza wote wawili saa hiyohiyo. Nililimeza. Nilisogea kumshika, akauondoa mkono wangu begani.

"Usinishike. Kaa tu."

Nikakaa kwenye majani yenye maji, chini ya benchi, kama mwanafunzi. Alifuta uso kwa kofia.

"Hukuwepo, kwa hiyo nitakusimulia. Sitaruka kitu, na usinikatishe." Alisubiri mpaka pumzi yake ikatulia. "Jumapili baada ya ibada alisema amechoka, anajilaza kidogo. Mama yako mkubwa alikwenda kumwamsha ale, akanirudia mikono mitupu, hasemi. Walitaka vijana wamtoe chumbani. Nikawaambia wakae pembeni, mke wangu namtoa mwenyewe. Nikaingiza mikono chini yake hivi, nikajikaza nimwinue." Aliinyoosha mikono mbele yake, na ikabaki hapo. "Alikuwa mwepesi, Mhandisi. Sikujua kwamba amekuwa mwepesi namna ile."